Nawafundishaje kidato cha nne utandawazi bila "dunia imekuwa kijiji"? Niko Tanga

BintiMuheza ameuliza:

Salaam wana jukwaa, na kwa wakubwa shikamooni.

Mimi ni mwalimu wa Uraia, shule ya kata hapa Tanga mjini, mwaka wa tisa kazini. Naomba msaada kwenye mada moja tu, ila nitaeleza kirefu, maana nikiuliza kifupi mtaniletea faida tano na hasara tano, na hizo ninazo kwenye daftari la maandalio tangu mwaka wa kwanza.

Kila nikifika kwenye utandawazi napata jibu lile lile: dunia imekuwa kijiji. Ukimuuliza mtoto kijiji hicho kina kina nani, mwenyekiti wake nani, anakutolea macho. Somo lenyewe tunafundisha kwa Kiingereza, basi sentensi inamezwa nzima nzima na nukta yake. Mwaka juzi mmoja aliandika pembeni ya daftari, kwa Kiswahili, kwamba utandawazi ni utando ulio wazi, akachora na buibui kabisa. Nilicheka, lakini moyoni nikasema huyu angalau amefikiri.

Mwaka huu nikabadilisha. Ijumaa nikawaambia: Jumatatu kila mtu aje na kitu kimoja cha nyumbani kilichotoka mbali. Simu marufuku, maana ningeletewa simu hamsini na mwalimu wa nidhamu ananingoja mlangoni.

Jumatatu meza yangu ikawa kama gulio. Rimoti ya king'amuzi. Fulana za timu za mpira za Uingereza, tatu. Chupa ya chai yenye maua mekundu. Kanga ya bibi yenye chapa ya India. Kijana mmoja mtundu, yule anayekaa nyuma dirishani, akaweka muhogo mbichi na udongo wake: "Mwalimu, huu umetoka mbali, umetoka Pongwe." Darasa likavunjika mbavu. Nikamwambia umetoka mbali kuliko unavyodhani, muhogo ni wa Amerika ya Kusini, waliouleta pwani za Afrika ni Wareno. Akanibishia, bibi yake hajawahi kupanda meli. Nikaongeza mahindi, nyanya, pilipili na nanasi, vyote asili yake Amerika. Hapo wakaanza kunitazama kama nimewaibia chakula cha mchana.

Halafu binti mmoja, ambaye tangu Januari sijamsikia sauti, akatoa kwenye mfuko wa Rambo kamba ya katani. Chafu, imekatikakatika, ya kufungia mbuzi. Wenzake wakaguna: hiyo si ya hapa hapa? Akasema, polepole, "Kamba ni ya hapa. Babu yangu ndiye katoka mbali. Alitoka Kigoma kuja kukata mkonge."

Hakuna aliyecheka.

Ndipo yule wa muhogo akauliza, na safari hii hakuwa anatania: "Sasa mwalimu, kama mkonge ulikuwa mali mpaka watu watoke Kigoma, mbona mashamba mengine sasa ni pori? Nani alituua?" Kengele ikalia. Ashukuriwe Mungu kwa kengele, kwa sababu sikuwa na jibu. Mimi ni mtoto wa Muheza, mama yangu kanisomesha kwa machungwa. Mkonge naujua kwa kuuona dirishani mwa basi, mistari, mistari, mistari, hadi unasinzia.

Wakati wanatoka akapita mwalimu wa taaluma. Akatazama muhogo, akatazama kamba, akaniuliza, "Hivi navyo vitatoka kwenye mtihani?"

Basi wakuu, maswali yangu ni mawili. Huyu kijana nimjibu nini, kwa ukweli, si kwa siasa? Na nikishamjibu, nitarudije kwenye mtihani bila kuua kile kilichoamka darasani Jumatatu?

---

MzeeWaKorona amejibu:

Marahaba mwanangu. Mimi nimestaafu, niko Korogwe. Nasema, mjukuu anabonyeza, kwa hiyo makosa ya herufi ni ya kwake.

Niliingia shambani 1969, kijana wa miaka kumi na tisa. Nilianza na kukata, baadaye wakanihamishia korona. (Mjukuu amecheka. Korona si ugonjwa, ni mashine, na ilikuwepo kabla baba yake hajazaliwa.)

Kabla hujawaambia watoto habari za dunia na bei, waambie kwanza kazi. Saa kumi alfajiri uko kwenye mstari. Jani la mkonge lina mwiba nchani, mweusi, ukizubaa ni jicho. Maji yake yanawasha, jioni mikono inawaka kama umeshika pilipili. Unakata majani ya chini, unaondoa miiba, unafunga, kila fungu majani thelathini, unapanga pembeni mwa reli ndogo. Nyapara anapita anahesabu. Likipungua jani moja, fungu halipo. Hawa tuliowakuta, wazee wa Kigoma, Wamakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, watu wa Rwanda na Burundi, walikuwa wanasimulia kipande: kadi inayotiwa alama kila siku uliyomaliza kazi, na mshahara hauuoni mpaka zitimie alama thelathini. Waliitwa manamba kwa sababu mtu alikuwa namba. Huyo babu yake binti yenu ndiye huyo.

Korona sasa. Majani yanaingia huku, yanapondwa, nyama ya kijani inasombwa na maji, kule zinatokea singa nyeupe. Kilo mia ya majani inakupa singa kilo nne hivi. Zilizobaki ni maji na uchafu, na harufu yake ukiizoea umekwisha, hutaki tena kurudi mjini. Singa zinaanikwa kwenye nyaya juani, ukisimama kilimani unadhani kuna harusi, pametandikwa mashuka. Zinapigwa brashi, zinashindiliwa, robota moja kilo 250. Treni, halafu bandari ya Tanga, halafu hatukujua tena.

Na hapo "hatukujua tena" ndipo lilipo jibu la huyo kijana. Katani yetu haikuwa ya mbuzi. Nyingi ilikwenda Ulaya na Marekani, mashine za wakulima wao zikawa zinafungia nafaka na majani makavu ya ng'ombe. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 hakuna nchi iliyotupita duniani, tulikuwa juu ya tani 200,000 kwa mwaka. Leo hatufiki hata nusu yake. Ikaja kamba ya plastiki, hii tunayoiita nailoni yote tu hata kama si nailoni, inatengenezwa kwa mafuta ghafi. Haiozi. Haina mwiba. Haihitaji mtu wa kuamka saa kumi. Mkulima wa kule hakutuchukia, alinunua kamba ya bei nafuu, basi.

Utasikia wengi wakisema kilichoua mkonge ni kutaifisha. Mashamba yalitaifishwa 1967, baada ya Azimio la Arusha. Lakini bei ilianza kuporomoka katikati ya miaka ya 1960, kabla ya hapo. Watoto wazitazame tarehe wenyewe. Mimi niliyekuwepo nasema mgonjwa alikwishalala kitandani, na sisi tuliompokea hatukumuuguza vizuri. Shamba letu liliwahi kungoja vipuri vya korona miezi minane, majani yanakaukia mstarini.

Siku hizi umefufuka kidogo. Wachina wananunua, Saudia wanachanganya singa na jasi kutengeneza dari. Anayeongoza sasa ni Brazil, kwa mmea huu huu.

Na wenyewe mkonge ni mgeni hapa. Tuliambiwa Mjerumani aliuiba Mexico akauficha tumboni mwa mamba aliyekaushwa. Hiyo wataipenda.

---

Jongoo_21 amejibu:

Mwalimu usijichoshe. Waandikie ubaoni: utandawIZI. Wamemaliza mada.

---

BintiMuheza amejibu:

@Jongoo_21 hiyo wanayo tayari, imechongwa kwenye dawati la tatu. Nauliza nani kaiba nini.

@MzeeWaKorona shikamoo tena mzee wangu. Nimesoma mara tatu. Nimechapa.

---

MamaBalo amejibu:

Habari mwalimu. Mimi nauza mitumba Ngamiani mwaka wa kumi na nne, na nasomesha watoto wawili kwa hiyo hiyo hasara namba tatu unayowaandikia ubaoni, "mitumba inaua viwanda vya ndani". Mwanangu wa kike aliileta nyumbani kwenye daftari. Nikaisoma nimekaa juu ya balo.

Sisemi ni uongo. Viwanda vya nguo vilikuwepo na vingi vimekufa. Lakini waambie watoto yote basi. Balo nanunua limefungwa, ndani sijui kuna nini, ni kamari yenye mkanda wa plastiki. Nikifungua, wateja wa chaguo la kwanza nimeshawapigia jana yake, wanakuja kabla ya jua na tochi za simu. Kuna mwaka nilifungua balo, makoti matupu. Mazito, yana manyoya mpaka kwenye kofia. Tanga! Mwezi wa pili! Nililia mbele za watu. Shoga yangu mmoja akaniambia, we mjinga, Lushoto ni wapi? Nikapanda nayo mlimani, siku mbili yameisha, na walitaka mengine. Mfukoni mwa koti moja kulikuwa na tiketi ya treni ya huko yalikotoka na pipi ya mnanaa. Pipi nilimpa mpiga debe.

Ukitaka somo, chukua nguo tano, waambie wasome lebo ya shingoni. Shati limeshonwa Bangladesh, limevaliwa Kanada, limefika kwangu kwa boti, daladala na kichwa cha mbeba mzigo, na linavaliwa kanisani na mzee wa barabara ya kumi na moja. Pamba yake huenda ililimwa hapa hapa kwetu kanda ya ziwa, nani ajue.

Na ukitaka kuwaonyesha nani mwenyekiti wa hicho kijiji, hii mimi nimeiishi. 2016 marais wa Afrika Mashariki walikubaliana mitumba ipunguzwe mpaka ikome ifikapo 2019. Roho juu. Nilianza kuulizia biashara ya vyombo. Wafanyabiashara wa nguo chakavu wa Marekani wakaenda kushtaki kwa serikali yao, Marekani ikasema mkitufungia, na sisi tutatazama upya ule mpango wa AGOA unaowaachia kuuza kwetu bila ushuru. Kenya ikarudi nyuma, sisi na Uganda tukarudi nyuma. Rwanda ikakaza, na 2018 nguo zake zikatolewa kwenye huo msamaha. Mimi nikabaki na kazi yangu. Sasa niambie mwalimu, mimi niandikwe kwenye faida au kwenye hasara?

---

KijanaWaSahare amejibu:

Naongezea ya baharini kwa kifupi. Mama anachokoa pweza, bamvua likitoa mwamba uko nje anatembea na chuma chake toka alfajiri. Pweza wa Tanga haliwi Tanga, yaani yule mkubwa. Anapimwa, anakwenda kiwandani, anagandishwa, anakwenda Ulaya. Tunaokula sisi ni vipande vya jioni kwenye supu pale kwenye taa za karabai, wale waliokosa kilo.

Mama hajawahi kupanga bei hata siku moja. Mnunuzi anafika anasema, leo ni hivi. Mwaka 2020 akafika akasema leo sinunui. Kwa nini? Hoteli zimefungwa huko wanakokula. Mama akaniuliza, mwanangu, mgonjwa wa Uhispania na pweza wangu wanajuana wapi? Sikuwa na jibu, nikachukua ndoo nikazungusha mtaani kwa bei ya bure.

Hiyo unaweza kuwaambia darasani. Wengi ni watoto wa wavuvi, wanaijua ila hawajui kwamba ndiyo mada.

---

MwalimuTarehe amejibu:

Mimi nafundisha Historia, Pangani. Kwa heshima zote kwa Mzee, naomba nimtoe mamba kwenye hadithi.

Simulizi ya mamba ni tamu na nami niliikuta utotoni, ila njia yenyewe inajulikana. Mkonge ulifika 1893 kwa mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliyekuwa akiifanyia kazi kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki. Asili yake ni Mexico, na lile jina la kizungu la mkonge, "sisal", ni jina la bandari ya huko, kwenye rasi ya Yucatán. Hakuupata Mexico lakini. Aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, ikapitia Hamburg, ikaja kwa meli. Iliyofika hai ni 62. Ikapandwa Kikogwe, huku kwetu Pangani, ng'ambo ya mto. Miche sitini na mbili! Inaingia kwenye dawati moja la shule. Mashamba yote yale ya kusinzia dirishani, @BintiMuheza, ni wajukuu wa hiyo.

Mimi darasani huwa nawaambia wahesabu: Mexico, Florida, Hamburg, Pangani. Hakuna simu, hakuna intaneti. Wanaosema utandawazi uliletwa na simu hawajaiona hiyo. Na mwaka huo huo wa 1893 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga, ikafika Korogwe 1902. Bila reli mkonge ungebaki kuwa ua la bustanini.

Halafu kuna upande wa pili ambao watu husahau, kwa sababu tumezoea kusimulia vilivyokuja tu. 1892 afisa mmoja wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliokota milimani Usambara kimmea kidogo cha kivulini, maua ya urujuani, majani yana malaika kama shavu la mtoto. Akamtumia baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata wataalamu wakakipa jina la ukoo wao, Saintpaulia. Leo kinauzwa kwenye vyungu madirishani Ulaya na Marekani kote, kimezalishwa aina zisizohesabika. Huku porini kwenyewe kinapungua kwa sababu ya kukata misitu. Mimi nimekiona mara moja tu, upande wa Amani, chini ya jabali lenye maji. Nusura nikikanyage.

Kuhusu mtihani: usiogope. Swali likija "eleza athari", mtoto mwenye mkonge, pweza na koti la Lushoto kichwani ana hoja sita na mfano wa kila moja. Mwenye "kijiji" ana kijiji. Mimi huwaachia dakika kumi za mwisho, wanageuza hadithi kuwa hoja wenyewe, mstari mmoja mmoja, kwa hicho Kiingereza cha mtihani. Ndicho kinachochosha, si mada.

---

MzeeWaKorona amejibu:

Mwalimu wa Pangani, nimekubali tarehe. Mamba simwachii.

---

BintiMuheza amejibu:

Ndugu zangu, nimerudi kuwapa marejesho kama nilivyoahidi kwa baadhi yenu kwa ujumbe wa pembeni.

Nilianza na mamba, nisameheni. Niliwasimulia kama alivyosema Mzee, wakapiga makofi, halafu nikaandika ubaoni Florida, Hamburg, 62, nikauliza sasa tuamini ipi na kwa nini. Walibishana dakika ishirini. Mmoja akasema mamba hawezi kupita ukaguzi wa bandari. Nikamwacha.

@MamaBalo, lebo nilizitumia, ila si za nguo tano. Niliwaambia wageuze kola za mwenzao wa mbele. Shati jeupe la shule limetoka wapi? Hapo nilijiponza, maana kuna waliokuwa na mitumba iliyofuliwa ikang'aa na hawakutaka ijulikane. Niliona shingo mbili tatu zikijikunyata. Nikageuza kola yangu mwenyewe kwanza, nikasoma kwa sauti: Vietnam, nimeinunua Ngamiani, elfu nne. Hewa ikarudi. Mwakani nitaanza na yangu. Lile swali lako la faida au hasara niliwapa kama lilivyo. Kura: kumi na tisa faida, kumi na nne hasara, na waliobaki wanasema mwalimu hujatuambia waliofanya kazi kile kiwanda cha nguo walikwenda wapi. Sijui nitalijibu lini hilo.

Ya @KijanaWaSahare ilisimuliwa na darasa lenyewe. Nilitaja pweza tu, mikono ikaenda juu. Mmoja mama yake anachokoa kule kule Sahare, huenda mnajuana.

Sasa kilichotokea jana. Nilikuwa na vipindi viwili mfululizo, joto, feni haizunguki, nikawatoa nje chini ya mlingoti wa bendera kupata upepo wa bahari. Nikawaambia tazameni mbele yenu, hapa utandawazi uko wapi? Kimya. Nikasema bendera ni neno la Kireno. Wakageuka. Shule ni neno la Kijerumani. Duka, gari, Wahindi. Na ile kamba inayopandishia bendera ni ya nini? Wakaangalia juu wote. Ya buluu. Nailoni. Mkoa wa Tanga, mkonge ndio jina letu, na bendera ya shule inapandishwa kwa nailoni.

Nikatuma wawili kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapo barabarani wakaulize bei. Walirudi wanakimbia. Nailoni ni nusu ya bei ya katani, na katani yenyewe dukani lilikuwa fundo moja, nyuma ya magunia ya saruji, lina vumbi. Mwenye duka kawaambia haitoki, watu wanasema ikinyeshewa inaoza. Nikataka kuanza kueleza, yule wa muhogo akasimama.

"Mwalimu, yule mzee wa Korogwe kasema nailoni inatoka kwenye mafuta ghafi, si ndiyo?"

Ndiyo.

"Na bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, lile la kilomita 1,443, linaishia wapi?"

Darasa zima likamalizia pamoja kwa kelele: "CHONGOLEANI!"

Akakaa. Hakusema kitu kingine. Nilibaki nimeshika chaki nje kwenye jua, hata ubao hakuna. Watoto hao wengine kwao ni ng'ambo tu ya maji kutoka hapo Chongoleani, wameona matenki kwa macho yao, na mimi katika miaka tisa sijawahi kuyaweka mafuta na mkonge kwenye sentensi moja. Mwalimu wa taaluma alikuwa ofisini, dirisha liko wazi, alisikia kelele. Alitoka akatazama juu kwenye kamba muda mrefu. Akarudi ndani.

Dakika kumi za mwisho niliwapa kama ulivyonishauri @MwalimuTarehe. Kiingereza chao bado ni kile kile, lakini hakuna kijiji hata kimoja, nimesahihisha madaftari yote.

Mzee wangu @MzeeWaKorona, nina ombi la mwisho, si langu. Yule binti wa kamba alinifuata baada ya kipindi. Babu yake amefariki, baba yake hazungumzii habari za shambani. Shamba aliloandikwa halijui jina, anachojua ni kwamba lilikuwa njia ya Korogwe. Ila namba anaijua. Anasema babu alikuwa akiitaja kila alipokasirika, mtu akimwita vibaya anajibu kwa namba ile, mpaka wajukuu wote wameishika. Anauliza kama kuna mahali namba hizo ziliandikwa pamoja na majina.

---

MzeeWaKorona amejibu:

Vitabu vya ofisi vingi vililiwa na mchwa, nisimdanganye mtoto. Lakini mwambie anitumie namba na mwaka babu alipofika, hata wa kukisia, na kabila la nyapara wake kama aliwahi kulitaja. Tuko wanne bado hai tuliokuwa njia hii, na mmoja alikuwa karani wa vipande. Tunaonana Ijumaa baada ya swala, nitamuuliza.

Mjukuu anauliza huo muhogo mliula?